Simu ya Saa Moja

Fundi wa bodi za magari ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo alikuwa na kipaji kisichowapendeza wateja wote. Ukimletea gari lililobonyea hakukuuliza kitu. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya bati taratibu, kama daktari anayetafuta panapouma, na alipoinuka alikuwa ameshajua dereva alikuwa anafanya nini.

"Aliyefunga breki, gari lake huinamisha pua, likaumia juu, kwenye boneti," alieleza. "Aliyekwepa, mkwaruzo wake huenda pembeni. Lakini aliyekuwa anachezea simu, bwana, huyo huingia moja kwa moja, kifua mbele, kama anaenda kupokea zawadi."

Mteja mmoja aliapa kwamba alimgonga mbuzi. Nyundo akakwangua bampa kwa ukucha na kumwonyesha unga wa rangi ya bluu. "Huyu mbuzi alipakwa rangi wapi? Nataka kumjua fundi wake." Mteja akacheka mpaka akasema kweli. Nyundo hakuwa mtu wa kugombeza. Alilinyoosha bati, akapaka pati ya kusawazisha, akapiga msasa, na alipokabidhi funguo aliongeza neno moja: "Simu iweke mbali. Anayekupigia anaweza kusubiri."

Miaka ishirini na sita alisema hivyo, na hata siku moja hakujifikiria yeye mwenyewe kuwa naye ni mpigaji simu.

Maana kila siku, saa moja asubuhi, Nyundo alikuwa akimpigia binti yake. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, aliendesha gari la mikate la kiwanda kimoja kidogo, akigawa mzigo duka kwa duka. Baba alibana simu kati ya sikio na bega huku mikono ikikoroga pati.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Njiani, baba."

"Barabara ikoje?"

"Nzuri."

"Haya, nenda polepole."

Akikata simu moyo wake ulitulia, kana kwamba ni yeye aliyemshika mkono akamvusha. Na asipopokea? Nyundo alipiga tena, kisha akampigia mama mtu. Siku moja alifika mpaka kwa bosi wa kiwanda, akamuuliza kama binti yake yu mzima. Wapakiaji walimtania binti wa watu wiki nzima: "Dereva, baba anakuulizia, umeshavaa sweta?" Tangu siku hiyo binti alijitahidi kupokea simu kabla baba hajaanza kumtafuta kwa wengine.

Jumanne moja, kabla ya saa tatu, gari la mikate liliingia kwenye karakana likiwa na taa moja. Binti alishuka, akasimama karibu na mlango kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mbwa alikatiza, baba. Nikagonga nguzo."

Nyundo alimkagua yeye kwanza, kichwa mpaka miguu. Alipoona ni mzima ndipo akachuchumaa mbele ya gari. Shimo lilikuwa upande wa kushoto, limeingia moja kwa moja, bila mkwaruzo wa kwenda pembeni hata wa urefu wa kidole. Boneti haikuguswa. Kwenye bampa palikuwa na unga wa rangi ya manjano.

"Nguzo gani hiyo?" aliuliza bila kugeuka.

"Ya kibao."

"Kibao gani?"

"Cha kivuko cha shule. Hapakuwa na mtu, baba. Watoto walikuwa wameshavuka."

Fundi rangi wa karakana, rafiki wa Nyundo wa siku nyingi aliyeitwa Brashi, aliacha kusafisha bomba lake la kupulizia rangi.

"Mwanangu," Nyundo alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "hapa hapakuwa na mbwa. Simu ilikuwa wapi?"

"Mkononi."

"Na ulikuwa unaongea na nani wa maana kiasi hicho?"

Binti aliangalia viatu vyake. "Na wewe, baba."

Nyundo alibaki amechuchumaa. Akakumbuka: asubuhi ile alipiga mara ya kwanza, haikupokelewa. Akapiga ya pili. Ya tatu ilipokelewa, akasikia "Nipo njia..." kisha ukimya. Alidhani ni mtandao, akaulaani, akarudi kwenye pati yake.

"Ungeiacha ilie," alisema hatimaye.

"Niiache, halafu umpigie mama, mama apige kiwandani? Baba, nisipopokea unanizika kabla ya saa mbili."

Brashi alikohoa ili asicheke, lakini Nyundo hakumwangalia. Alikuwa anaona kivuko. Alikuwa anahesabu dakika ambazo watoto wale walitangulia, na hazikuwa nyingi.

Siku nzima walilinyoosha gari, baba akigonga kutoka ndani, binti akishikilia kipande cha chuma upande wa nje. Jioni binti alimweleza bosi wake ukweli wote. Bosi alimpa nafasi moja: mara ya pili aache funguo mezani. Baba na binti nao wakapatana. Simu itapanda nyuma, kwenye kreti la mikate, mlango utafungwa. Duka la mwisho likishashushiwa mzigo, saa nne hivi, binti ndiye atakayepiga.

Kesho yake, saa moja ilipofika, mkono wa Nyundo uliingia mfukoni wenyewe.

"Lete," Brashi alisema, kiganja wazi.

"Naangalia saa tu."

"Saa iko ukutani, mzee mwenzangu. Lete."

Simu ikawekwa juu ya rafu ya makopo ya rangi. Nyundo alipiga msasa mlango mmoja hadi akafika kwenye chuma kitupu, ikabidi apake pati upya. Saa nne ikafika. Saa nne na robo. Saa nne na nusu alisimama chini ya rafu akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Labda ameharibikiwa na gari," alisema.

"Labda."

"Nipige mara moja tu. Nisikie inaita, basi nikate."

"Ikiita huko nyuma akaisikia, atapunguza mwendo aitafute, au ataongeza mwendo amalize haraka," Brashi alisema. "Wewe unapenda lipi?"

Nyundo hakupenda lolote. Akageuza ndoo, akaketi juu yake, mikono kati ya magoti, akamsubiri binti yake kwa mara ya kwanza tangu ajue kuendesha.

Saa tano kasoro dakika kumi simu ililia. Brashi alimpa.

"Umeegesha?" ndilo neno la kwanza la Nyundo.

"Nimeegesha. Duka la mwisho walichelewa kufungua."

"Umezima injini?"

"Nimezima, baba. Funguo ninazo mkononi."

Nyundo akafungua mdomo, akagundua kwamba hana la kuuliza. Barabara imekwisha, mwendo umekwisha. Akatafuta, akatafuta.

"Umekula?"

"Baba, nimeshinda na mikate mia tatu mgongoni, nitakosaje kula?"

Akacheka, na binti akacheka, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukata.