Mnyororo wa Bi Somoe

Harufu ya matope ya mikoko yakipigwa na jua, ile inayofanana na yai viza, huwafanya wenzangu wa mjini wazibe pua. Mimi hunirudisha kisiwani kwetu Songo Mnara, kwenye fungu la mchanga nyuma ya kijiji, tulikokuwa tukicheza maji yakishakupwa.

Shangazi yangu, Bi Somoe, alikuja na kapu kama wanawake wengine waendao kuokota chaza, ila lake lilirudi tupu, maana muda wote alikuwa na sisi. Alitufundisha mchezo aliouita mnyororo. Tulishikana, si viganja bali vifundo vya mikono, tukakimbia mstari mmoja. Akipiga ukelele, wote tulijitupa kifudifudi bila kuachiana. Anayeachia, anatoka. Tulicheka mpaka mchanga ukatuingia mdomoni. Watu wazima walimcheka yeye. "Mwanamke mzima huyo!" walisema.

Siku moja ya bamvua, maji yalikuwa yamekwenda mbali kuliko kawaida na pwani ilikuwa kimya. Hata kaa hawakuonekana. Upepo ukaubeba mpira wetu wa makaratasi hadi ukingoni mwa mkondo, na Tatu, binti wa jirani, akaufuata. Tulimwona akipungua, matope yakimmeza: kwanza magoti, kisha mapaja. Alidhani ni mzaha, akacheka. Akajaribu kuinua mguu, ukagoma.

Nyuma yake maji yalianza kurudi. Hayakuwa na wimbi wala sauti; uzi tu wa rangi ya kahawia, ukipenya kwenye mizizi ya mikoko na kunenepa.

Nikachomoka kumkimbilia. Bi Somoe akanidaka shingoni.

"Unakwenda wapi peke yako? Mnyororo! Wazito nyuma, wepesi mbele." Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. "Tatu, leo wewe ndiye wa mwisho. Lalia tumbo, mwanangu, kama unaogelea."

"Bi Somoe, maji hayo!" nikapiga kelele.

"Nayaona. Yamechelewa, sisi tumeshaanza."

Tukalala matopeni, yeye akiwa nyuma kabisa, amekumbatia shina la mkoko kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa mbele. Nikamshika Tatu, ngozi yake ilikuwa baridi, inateleza. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni, naye amekaza macho kwangu bila kupepesa.

"Vuteni!"

Matope yalimng'ang'ania. Tukavuta tena, na tena, mpaka bega langu likalia. Kisha yakamwachia, kwa sauti kama ya mtu anayemeza.

Tulishangilia. Tumeshinda! Bi Somoe akatusifu mmoja mmoja, akamfuta Tatu uso kwa ncha ya kanga, akatuambia twende nyumbani. Kisha akazunguka nyuma ya mikoko, akainama, akatapika.

"Amekula chaza wabovu," nilimnong'oneza Tatu, tukacheka njia nzima.

Miaka imepita. Juzi, ufukweni Somanga, mwanangu aliteleza akadumbukia kati ya mashua mbili zilizokuwa zikigongana. Nilimnyakua mkono, nikamtania, "Unaoga na nguo, baba?" Akacheka, akawakimbilia wenzake. Mimi nikakaa chini palepale, mate ya kutaka kutapika yamenijaa mdomoni.

Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile, kati yetu sote tuliolala matopeni, mtu mmoja tu hakuwa akicheza.