Kuku wa Shosho na Gari la Bluu

Rali ile ya magari ilitugharimu madebe mawili ya viazi na kuku mmoja wa mayai, nimehesabu mara mbili. Viazi vilikuwa nauli yangu na ya nyanya yangu, Shosho, kwenye lori la jirani, kutoka Dundori hadi Naivasha.

Tulikaa juu ya ukingo wa barabara, vumbi likinuka kama gunia jipya. Gari la bluu liliponguruma kupita, nilimwona abiria aliyekaa kando ya dereva ameinamia kitabu, midomo ikicheza.

“Shosho, yule anasoma nini?”

“Sala. Wewe ukiendeshwa hivyo, ungesoma nini?”

Magari yalikuwa yarudie njia ile ile, na jirani akaona biashara, akamgeukia Shosho.

“Mathe, chagua gari. Likipita kona hii salama, narudisha viazi. Likianguka, kuku wako ni wangu.”

Nilimnong'oneza Shosho achague la bluu, maana msomaji wake aliinama kuliko wote. Liliporudi, likaingia mtaroni mbele yetu.

“Huyo ameruka ukurasa,” Shosho akasema, na hakunigombeza hata kidogo.

Msimu huu nilirudi Naivasha, na msomaji mmoja akanionyesha kitabu chake. Kilijaa mishale, namba, kona na mashimo, maelekezo ya njia anayomsomea dereva. Sala sikuiona, na nilikipekua mara mbili.

Shosho bado yuko Dundori, na kila rali huwaombea wasomaji wasiruke ukurasa. Nishaurini: nimwambie ukweli, au nimwache? Maana tangu aanze, wengi wanafika salama.