Matundu Matatu ya Mlangoni

Nakumbuka Jumamosi moja iliyoninyoosha, mwanangu, wakati nilipojiona hakuna fundi wa kunifikia Kigali nzima.

Nilikuwa na kibanda Gisimenti. Asubuhi nachora mabango ya baa na saluni, mchana naunganisha vigari vidogo vya plastiki na kuvipaka rangi. Kazi hiyo nilijifunza kwa picha za mtandaoni tu, na nikaamini nimeshafika. Kupaka rangi mpya nilikudharau. Utamu wangu ulikuwa kuchakaza: kutu chini ya milango, mafuta yaliyovuja, vumbi kwenye kila kona. Wapita njia wakisema, "Sha, iko kama ya kweli!" mimi kichwa kinavimba.

Basi Claudine, binti mmoja wa Kagugu, akaniletea picha ya gari la deraya, jeupe, la magurudumu sita. Baba yake, ambaye kila mtu alimwita Afande, alikuwa dereva wa gari hilo katika nchi ya mbali walikotumwa yeye na askari wenzake kulinda amani. Sasa alikuwa anastaafu. Watu wanane aliokuwa akiwabeba ndani yake, na wote walirudi wazima, wangekuja nyumbani pamoja na familia zao, na kigari changu ndicho kingekuwa zawadi.

Gari la kwenye picha lilikuwa safi. Mimi nikaona usafi hauna maana. Nilichekecha udongo mwekundu wa Busanza nikaupaka kote, nikashusha michirizi ya kutu, kisha nikachoma pini kwenye moto na kutoboa matundu matatu ya risasi kwenye mlango wa ubavuni. Hakuna aliyeniagiza matundu. Niliona tu yanapendeza.

Siku yenyewe, saa sita mchana, Claudine alimtuma baba yake apitie kwangu kuchukua boksi la kigari, akanisihi kwa simu nisimfungulie boksi. Nikafungua. Kiherehere, mwanangu! Nilitaka kumwona mzee akistaajabu.

Hakustaajabu. Alikaa kwenye kigoda, akakiweka kigari kwenye viganja vyake, akakigeuza polepole upande kwa upande.

"Mukobwa wanjye," akasema mwishowe, kwa upole wa mtu anayemwita bintiye, "hii kutu inatoka wapi? Hii gari nilikuwa naisafisha kila asubuhi, mbele ya kunywa chai."

Nikaanza kujitetea kwamba ndivyo vigari hivi vinavyotengenezwa. Hakunisikiliza. Kidole chake kilikuwa kimefika mlangoni.

"Na hapa? Hapa ndiyo kijana wetu Vianney alikuwa anakaa. Hii risasi yako imepita mu kifua yake."

"Ni urembo tu, Afande."

"Urembo!" Sauti ikapanda. "Mama yake anakuja leo. Miaka yote nilimuambia hakuna risasi hata moja iligusa hii gari. Na ni kweli! Akiona hii, atasema nilikuwa namudanganya. Atauliza na nini ingine nilimuficha."

Nilijisikia mdogo kuliko kile kigari. Mama yule alikuwa amevumilia miaka mwanawe akiwa mbali kwa kulishika neno la mtu mmoja, na mimi nimelitoboa kwa pini.

Wageni walialikwa saa tisa. Nikanyakua chupa ya tineri kwa pupa, nikafuta. Kutu ikatoka, na rangi nyeupe nayo ikaanza kujikunja. Afande akaninyang'anya kitambaa, akakilowesha tarpentaini isiyo kali, akafuta mwenyewe polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Mimi nikaziba matundu kwa puti ya mafundi wa magari, nikasugua kwa msasa, nikapaka nyeupe. Lakini mawingu yalikuwa yamefunika jua na puti haikutaka kukauka. Tundu la tatu nililipaka rangi likiwa bado bichi. Sikumwambia.

"Kwani lilichakaa wapi hasa, Afande?" nikauliza. Swali hilo nilipaswa kumpelekea mwezi mzima nyuma.

Akanionyesha ukingo wa kifuniko cha juu anapoingilia dereva, alipokuwa akishika kila akipanda. Nikapasugua kwa penseli hadi pakang'aa kama chuma kilichozoea mkono. Hapo ndipo alipotikisa kichwa kukubali.

Tukafika pamoja Kagugu, sebule imejaa. Makofi yakapigwa, Afande amenyooka kando ya meza. Mama Vianney, bibi mfupi mwenye kitenge, akasogea akaanza kukipapasa kigari. Kidole kikafika mlangoni. Tundu la kwanza kikapita. La pili kikapita. Kwenye la tatu kikazama, kikatoka na rangi nyeupe.

"Ni nini hapa?" Alimtazama Afande, siyo mimi. "Hapa muliziba nini?"

Macho yote yakamgeukia Afande. Lolote ambalo angelisema lingesikika kama kisingizio. Mimi pale mlangoni hakuna aliyekuwa na habari nami. Ningeweza kunyamaza, mwanangu, na nilitamani sana.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Gari halikupigwa kamwe. Matundu nilitoboa mimi, nikitaka lipendeze."

"Wewe ulikuwa kule?"

"Oya, mama, sikuwa."

"Kumbe ulikuwa unatoboa mutoto wangu ili ipendeze?"

Mama Vianney akajifuta kidole kwenye kitenge, akaenda kukaa karibu na Vianney, akaushika mkono wake na hakuuachia muda wote niliokuwepo. Afande alishusha pumzi. Mimi nilitoka bila kuaga, nikalia hadi kituo cha basi.

Mwanangu, mchubuko wa gari ni maisha ya mtu. Kabla hujauchora, mtafute aliyelipanda umuulize lilichubuka wapi na nani alikuwa ndani. Ukimkosa, liache safi, kwa sababu hata usafi kuna mtu aliamka mapema kuufanya. Na ukiharibu, sema mwenyewe, mbele ya hao hao watu, kabla aibu yako haijamwangukia asiye na kosa. Inauma. Inauma kweli, lakini inapita, ile ya kunyamaza haipiti.

Mungu akutulizie mkono, mwanangu, na akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" hata pale ambapo hakuna anayekutazama.