Unga wa Mchezo

Kila nikichekecha unga wa bukari, ugali wetu, harufu yake hunirudisha darasani Kolwezi, mwalimu wetu wa maigizo akitupaka unga nyweleni tuwe wazee. Nilitetemesha mikono mpaka wenzangu wakacheka. Akanishika kiganja.

"Mutoto, muzee hatafutake kutetemeka. Anajikaza asitetemeke."

Mchezo haukufika jukwaani. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa mkoani kwetu, naye mwalimu alikuwa mmoja wao. Tulimpelekea unga wetu wa mchezo kule gare, kwenye kituo cha treni, apike njiani. Aliinama kutoka kwenye behewa lisilo na paa, akachota kidogo, akanipaka kichwani.

"Mucheze tu, batoto."

Treni ilipoondoka alinyanyua mkono kutuaga, polepole, kama aliyeshika kikombe kilichojaa, na haukutetemeka hata kidogo.