Utando wa Kijani wa Mama Chupa

Shangazi yangu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika maabara ya chuo, na cheo chake hakikupanda hata siku moja: mhudumu. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo vya vioo, ndiyo maana Dokta, mkuu wa maabara, alimwita Mama Chupa. Mtaani kwetu hakuna aliyelijua jina hilo. Nilipolisikia mara ya kwanza nilikasirika. Yeye alicheka tu, akaniambia nipunguze moto.

Dokta alikuwa akitafuta polima, yaani aina ya plastiki, inayopitisha umeme. Kwa maelezo ya shangazi, jambo lenyewe si la kutisha. Unachovya vibati viwili kwenye asidi iliyochanganywa na anilini, kimiminika cha kutengenezea rangi, halafu unapitisha umeme. Kwenye kibati cha upande wa chanya, molekuli zinanyang'anywa elektroni. Iliyonyang'anywa haitulii, inamkamata jirani yake, naye anamkamata mwingine, mpaka minyororo inalala juu ya chuma na kuwa utando wa kijani.

Utando wa Dokta ulikuwa unabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kwa miaka miwili alibadilisha mashine, akabadilisha wanafunzi, akagombana na kila mtu. Shangazi, akiwa pale pale kwenye sinki, aliliona kosa: anilini ilikaa kwenye chupa hadi ikageuka rangi ya chai, na Dokta kwa haraka zake aliupandisha umeme kwa mkupuo. Siku moja akawahi kazini kabla ya wote. Aliichemsha anilini, akaupoza mvuke wake ukawa matone, akamwaga ya mwanzo na kubakiza yaliyokuwa safi kama maji. Kisha akaupandisha umeme kidogo kidogo, jicho lake likiwa kwenye rangi. Dokta alipofika alikuta utando umeshika, hata ukucha haukuutoa.

"Mama Chupa, umeniokoa," alisema. "Jina lako litakuwemo kwenye ripoti."

Tangu siku hiyo shangazi alifanya hivyo kila asubuhi kabla wengine hawajafika, miaka minne mizima, vidole vikiwa na madoa ya kahawia yasiyosikia sabuni. Alikuwa akingoja Dokta amuulize anaitwa nani, maana huwezi kuandika jina usilolijua. Hakuuliza. Ripoti ilipotoka ilimshukuru fundi umeme, ikawashukuru wafadhili, hata mke wa Dokta alishukuriwa kwa uvumilivu wake. Shangazi aliipekua mara mbili, akaifunga, akaenda kupika. Aliyelia ni mimi, kwa hasira.

Akastaafu. Haikupita miezi mitatu, Dokta akaja nyumbani. Alifika ametota jasho, kwa sababu alikuwa amezunguka mtaa mzima akimuulizia Mama Chupa, na watu wema wakampeleka kwa mwanamke anayenunua chupa tupu; mpaka alipotaja maabara ya chuo ndipo akaelekezwa kwetu. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

"Mama, utando unabanduka tena," alisema hata kabla hajakaa vizuri. "Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Ulikuwa unafanyaje?"

"Si yote yamo kwenye ripoti yako, Dokta?"

"Mama, nakuomba."

Shangazi alinituma karatasi na kalamu. Nilidhani amelainika, na kwa dakika hiyo nilimchukia kidogo. Aliviweka mbele ya mgeni.

"Nitakutajia hatua zote, sifichi hata moja," alisema. "Ila anza na jina langu hapo juu, ili watakaosoma wajue ni njia ya nani."

Dokta alishika kalamu. Aliandika "Mama", kisha kalamu ikakwama. Shangazi alimngoja, mikono yake yenye madoa ikiwa mapajani, bila kumsaidia na bila kumharakisha. Dokta akanigeukia mimi kwa macho ya kuomba. Hata kumnong'oneza kungetosha. Chai niliyomwekea ilikuwa imeshapoa. Nilichukua kikombe nikaenda kukiosha.