Neno Nililomfichia Bibi

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kila ninaposhika kalamu, na mpaka leo mkono hunitetemeka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, na hadithi yangu ya kwanza ilikuwa imetoka gazetini.

Kwanza ujue nilivyokuwa. Baba yangu alikuwa Mwarabu, muuza vitambaa Kariakoo. Mama yangu Mzaramo. Shuleni Upanga nilikaa na watoto wa Kihindi, nikaokota Kigujarati cha kutosha kugombana na kupatana. Jioni nilikwenda Gerezani kwa bibi, mama yake mama, akaniimbia nyimbo za Kizaramo huku akisuka ukili wa mkeka. Kila nyumba niliiingia na sura inayoifaa. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana siku nyumba hizo zitakapokutana.

Basi katika hadithi ile palikuwa na bibi anayemlea mjukuu. Nikawaza, ami zangu, ndugu za baba, watasoma, na wao hawajamsamehe baba kwa kumwoa Mzaramo. Nikafuta "bibi yangu", nikaandika "mtumishi wetu". Nikajiambia ni hadithi tu.

Gazeti lilipotoka, bibi, ambaye hakujua kusoma, akawaita majirani barazani.

"Haya, mjukuu wangu, tusomee. Paza sauti, Mama Zuhura masikio yamechoka."

Nikaanza. Kila mstari ulinisogeza karibu na neno lile. Nilipolifikia nikadanganya, nikasoma "bibi yangu". Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi akalikunja gazeti, akaliweka sandukuni pamoja na sanda yake, maana wazee wetu wa pwani hujiwekea sanda mapema, na udi wake.

"Nikifa mtalikuta," akasema, akicheka.

Hapo ndipo hofu iliponishika kwelikweli. Sanda ile itatolewa siku moja tu, na watakaoitoa wanajua kusoma. Miaka sita niliishi hivyo. Bibi akikohoa, mimi nakosa usingizi, na Mungu anisamehe, sikujua kama namwogopea yeye au najiogopea mwenyewe. Mara mbili nilikwenda nimekusudia kumwambia ukweli. Mara mbili nikaishia kunywa chai, nikaaga.

Alipofariki, mama ndiye aliyefungua sanduku. Nilisimama mlangoni. Akatoa sanda, akatoa gazeti, akanitazama.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Hilo gazeti..."

"Nalijua. Kesho yake tu alinipa nimsomee. Alitaka kulisikia tena."

"Ukamsomea lile neno?"

"Nilisoma kama ulivyoandika. Akalichukua, akalikunja tena. Kisha akaniambia, 'Usimwambie kama najua. Ataogopa, ataacha kuandika.'"

Niliketi chini palepale, nikalia kama mtoto. Miaka sita alinimiminia chai huku anajua, na mimi sikuwahi hata kumwomba radhi.

Nawe, mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, umezaliwa Kariakoo hii ya leo, baba Mpemba, mama Mchaga, dukani unapatana bei kwa Kichina, na unaniambia unataka kuandika. Najua unachokiogopa, maana nimekiogopa kabla yako. Unaona ukiandika yote watakuuliza wewe ni nani hasa. Waache waulize. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilimwita bibi mtumishi, kumbe mtumwa nilikuwa mimi, na bwana wangu alikuwa macho ya watu. Usimfute hata mmoja kati ya waliokulea ili umpendeze mwingine. Na kama umeshamkosea mmoja wao, usinywe chai ukaaga. Sema.

Mungu akupe kalamu isiyotetemeka, akuepushe na hofu iliyonilia ujana wangu, na akuwekee wote walio wako, uwasomee maneno yako kama ulivyoyaandika, wakiwa hai wanakusikia. Amina.