Mukashema na Dawa ya Kukonda

Mwaka ule wa 1954, kwetu Burungu, kukonda hakukuwa jambo la kujivunia. Mnene alikuwa na heri, aliyekonda alikuwa na adui. Ndiyo maana Mukashema alipoanza kupungua, vikwembe, yaani vitenge vyake, vikimvuka kiunoni, majirani hawakuuliza anaumwa nini. Waliuliza nani amemtilia sumu.

Mwenyewe alijua sababu. Magoti yalikuwa yamemgomea njia ya shamba la maharage, na pumzi ilimkatika kabla ya nusu ya kilima. Gustave, muuguzi wa zahanati, akampa vidonge vya kupunguza mwili, akamwambia pia aache kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ale lengalenga, mchicha wa kwetu, kwa wingi na atembee kila siku. Alitii yote, na magoti yakapata nafuu. Lakini moyo ulianza kumdunda hovyo, mikono ikamtetemeka, usingizi ukamkimbia. Hapo hofu ikamwingia: je, kama majirani wanasema kweli?

Aliyempikia na kumpa dawa kila asubuhi alikuwa Nyiransabimana, mke wa mwanawe Léonard, binti mwenye mimba ya kwanza. Mukashema akaanza kumwogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na wakati wa kula aliitazama mikono ya binti zaidi kuliko chakula chenyewe. Sisi watu wa milimani tunajua kunyamaza mpaka tupasuke.

Kisha Nyiransabimana naye akaanza kukonda. Mimba ilikua, mashavu yakaingia ndani, mikono ikatetemeka vilevile. Sasa watu waliopita pale hawakupokea hata maji ya kunywa. Mukashema akazidi kuogopa: kama si binti huyu, basi ni nani?

Vidonge vikaisha kabla ya wakati. Akarudi zahanati. Gustave akakitazama kichupa kitupu, akakunja uso. Kwetu kila kidonge huitwa kinini.

“Mama, hizi kinini ulikuwa unakunywa mbili mbili?”

“Hapana, Muganga. Moja tu. Mukamwana wangu njo ananipatia.”

“Basi ile ingine nani anakunywa?”

Hapo Mukashema akaelewa. Kwetu, anayekupa kitu cha kutia kinywani hukionja kwanza mbele yako, upate kuamini. Na kidonge hakionjwi, humezwa. Kila asubuhi binti alikuwa akimeza kimoja ndipo ampe chake, naye mama mkwe akimtolea macho mpaka kipite kooni. Mukashema aliona ni adabu tu.

“Iko na mimba,” akanong'ona.

“Mama, hii dawa haiko ya mwenye mimba! Rudia nyumbani, umulete hapa leo leo.”

Alipanda kilima bila kupumzika, akiomba rozari asiyoweza kuimaliza. Alimkuta binti jikoni akimenya mihogo.

“Mutoto yangu, juu ya nini ulikuwa unameza dawa yangu?”

“Ulikuwa unaniangalia sana, Mama. Nilitaka uone kama sikuuwi.”

Mukashema akatamani ardhi immeze.

“Na mutoto wa mu tumbo?”

Nyiransabimana akaweka kisu chini.

“Tangu juzi hachezi. Niliogopa kusema.”

Mukashema akapiga magoti kwenye maganda ya mihogo, akaweka mkono juu ya tumbo la mkwewe, akangoja.